Moshi wa pikapu ya mjomba: Gari kuukuu laweza kupita ukaguzi bila hila

MJINI Ahero watu huamka na jogoo wa kwanza. Kabla jua halijachungulia upande wa Kericho, matatu zimekwisha kujipanga kwenye njia panda, baadhi zikielekea Awasi na Nakuru, nyingine zikikata kulia kwenda Katito, Sondu na Kisii. Akina mama wamekwisha kupanga beseni zao za mchele kando ya barabara, na watoto wa shule wanapita katikati ya magari wakiwa na mikoba mgongoni.

Saa hiyo hiyo, uani kwa mjomba wangu, mwendo mfupi kutoka barabara kuu, pikapu ilikuwa ikiwashwa. Ni pikapu ya dizeli aliyoinunua mwaka wa 1998 ikiwa tayari imetumika, na ndiyo iliyowasomesha binamu zangu wanne. Kwa miaka mingi imebeba mchele kutoka vinu vya Ahero hadi soko la Kibuye mjini Kisumu. Kila asubuhi mjomba aliiacha ingurume robo saa nzima ili "ipate joto", huku wingu jeusi likipanda ukutani na kuingia dirishani mwa chumba wanamolala wajukuu wake.

"Mjomba, moshi huu umezidi," nilimwambia siku moja nilipokwenda kuwatembelea.

"Mpwa wangu," alinijibu akicheka, "gari la dizeli lisilotoa moshi halina nguvu. Uliza dereva yeyote hapa Ahero."

Msomaji, huenda nawe umewahi kuyasikia maneno hayo, au hata kuyasema. Wenye magari makuukuu wengi huamini kwamba moshi ni dalili ya nguvu, na kwamba gari likishapita miaka ishirini halina budi kufuka kama tanuri la makaa. Mjomba naye aliamini hivyo hadi siku alipoipeleka pikapu yake kukaguliwa.

Siku ya aibu

Pikapu ya biashara haina budi kukaguliwa kila mwaka. Mjomba aliweka miadi, akalipa ada na kufika kituoni asubuhi na mapema. Breki zilipita. Taa zilipita. Usukani, magurudumu na mikanda ya usalama havikuwa na kasoro. Kisha mkaguzi akamwambia akanyage mafuta hadi mwisho.

Wingu lililotoka liliwafunika watu wote waliokuwa nyuma. Dereva mmoja wa matatu alipandisha kioo huku akikohoa.

"Mzee, moshi," mkaguzi alisema kwa upole. "Nenda ukarekebishe, kisha urudi."

Nje ya lango alimkuta kijana mmoja aliyejitia ujuzi. "Jaduong', hilo ni jambo dogo," alimwambia. "Nikaze skurubu moja tu ya pampu, dizeli ipungue, uingie tena upite. Kesho nakufungulia, gari linarudi kama zamani. Ukiongeza na lita chache za mafuta ya taa, hutaonekana hata na moshi wa sigara."

Mjomba alivutiwa. Bila cheti cha ukaguzi hangeweza kubeba mchele wa watu, na wateja wa Kibuye hawamngojei mtu. Hata hivyo, jua lilikuwa limekwenda, akaamua kurudi nyumbani alifikirie jambo hilo usiku.

Alipofika alimkuta mkaza mjomba akifua chandarua cha watoto. Maji ya kwanza yalikuwa meusi kama wino. Ya pili yalikuwa meusi. Ya tatu bado.

"Baba, njoo uone," mkaza mjomba alimwita. "Chandarua hiki nilikifua mwezi uliopita. Kama kitambaa kimekuwa hivi, vifua vya wajukuu zako vikoje?"

Mjomba hakuwa na jibu. Alitazama ukuta chini ya dirisha na kuona doa la masizi lenye upana wa mlango. Lilikuwa pale kwa miaka, lakini siku hiyo ndiyo aliyoliona. Mmoja wa wajukuu hao, aliyekuwa darasa la pili, alikuwa na kikohozi kilichokuwa kikija na kuondoka tangu mwaka ulipoanza. Siwezi kusema kwamba kilitokana na pikapu, kwa maana jikoni pia huwashwa kuni. Lakini mjomba hakutaka tena kuwa miongoni mwa wanaoshukiwa.

Sheria yasemaje?

Kabla hatujamfuata mjomba kwa fundi, ni vyema tujue sheria yenyewe. Kazi ya kukagua magari humu nchini ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012. Magari ya abiria na ya mizigo ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Katika rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi iliyotolewa mwaka wa 2025 ili wananchi watoe maoni, ilipendekezwa kwamba hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu kutengenezwa yawe yakikaguliwa mara kwa mara.

Isitoshe, kuna Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka wa 2014, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999. Kanuni hizo zinakataza magari kutoa moshi unaozidi kiwango. Kwa hivyo, mwenye gari asidhani kwamba moshi ni jambo la siku ya ukaguzi pekee.

Majirani nao hawajalala. Rwanda ilianza mwaka wa 2025 kuyapima magari moshi kwa mitambo. Huko Uingereza gari la zaidi ya miaka mitatu hupimwa kila mwaka, na kila gari hupewa kipimo kulingana na umri wake. Magari mengi ya petroli yaliyosajiliwa kati ya Agosti 1986 na mwaka wa 1992 yanaruhusiwa kutoa gesi ya kaboni monoksidi hadi asilimia 3.5, ilhali magari ya baadaye yenye kifaa cha kusafisha moshi huwekewa kiwango cha chini zaidi. Hapo tunajifunza jambo moja muhimu: gari kuukuu halitakiwi kuwa jipya. Linatakiwa tu kufanya kazi jinsi lilivyoundwa kufanya.

Madhara ya moshi

Zamani adui mkubwa wa hewa ya mijini alikuwa risasi iliyotiwa katika petroli, madini yanayodhuru akili za watoto. Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, iliacha petroli ya aina hiyo kufikia Januari 2006. Agosti 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba petroli hiyo ilikuwa imekwisha kutumika kwa magari duniani kote, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuiacha.

Dizeli nayo ilisafishwa. Tangu Januari 2015, Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila sehemu milioni. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa ikiruhusu sehemu 500.

Lakini mafuta safi hayawezi kuiokoa injini chafu. Mwaka wa 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Chembe zake ni ndogo sana, hivi kwamba hupita puani na kooni na kufika ndani kabisa ya mapafu. Wanaoumia kwanza ni watoto, wazee, wagonjwa wa pumu na watu wanaoshinda kando ya barabara, kama wale akina mama wa mchele pale njia panda ya Ahero.

Soma rangi ya moshi

Mjomba alimwendea fundi mmoja wa makamo anayefanyia kazi chini ya mti, si mbali na barabara ya Katito. Fundi huyo hakugusa spana. Kwanza aliomba gari liwashwe, akasimama nyuma na kutazama.

"Mzee, tusitibu moshi," alisema. "Tutibu kinachouleta."

Kisha alitufundisha somo ambalo kila mwenye gari anafaa kulijua.

Moshi mweusi maana yake ni kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Kumbuka koroboi ya nyumbani: ukipandisha utambi kupita kiasi, mwali hautoi mwanga zaidi, unatoa masizi. Injini ni vivyo hivyo. Kilo moja ya petroli, kwa mfano, huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa ikizibwa, au mafuta yakimwagwa badala ya kunyunyizwa, yasiyoungua hutoka yakiwa masizi. Kwa hivyo moshi mweusi ni pesa zako zinazoruka angani.

Moshi wa buluu unaonyesha kwamba injini inaunguza oili. Huenda ringi za pistoni zimelika, sili za vali zimekauka, au mtu amejaza oili kupita alama ya juu ya kijiti.

Moshi mweupe wa muda mfupi asubuhi ya baridi si ajabu. Lakini ukiendelea baada ya injini kupata joto, shuku maji yanayoingia kwenye silinda kwa sababu ya gasketi iliyoungua, au dizeli inayonyunyizwa kwa wakati usiofaa. Radieta ikipungua maji kila siku na hakuna mahali panapovuja, usingoje: mwone fundi.

Moshi wa pikapu ya mjomba ulikuwa mweusi tititi.

Anza na kilicho rahisi

Makosa ya wengi ni kukimbilia vipuri vya bei ghali. Fundi wetu alipanda ngazi moja baada ya nyingine, akianza na ile isiyogharimu kitu.

Kwanza alifungua eya klina, yaani kichujio cha hewa. Nchi tambarare ya Kano ina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na gari linaloshinda kwenye vinu vya mchele huvuta makapi pia. Alipoligonga chini, ilimwagika takataka ya kujaza kikombe. Aliliwasha gari kwa dakika chache bila kichujio ili alinganishe, na moshi ukapungua papo hapo. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya jibu. Kichujio kipya kikanunuliwa, kwa maana kile cha zamani kilikuwa kimepulizwa mara nyingi hata karatasi yake ikatoboka.

Pili, alichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi na nzito, tena imepita alama. Mjomba alikuwa akiongeza kila Jumamosi bila kupima, "ili injini isikauke". Oili ikizidi hupigwa na injini ikawa povu na nyingine hufika mahali pa kuungulia. Ikamwagwa yote, ikatiwa mpya kwa kipimo pamoja na filta yake.

Tatu, alifungua filta ya dizeli na kuondoa maji yaliyotuama chini. Maji huingia kwenye tangi polepole, hasa mahali ambapo mto Nyando hufurika na magari hupita kwenye maji hadi magotini. Ikiwa gari lako la dizeli lina kifuniko kidogo chini ya filta, kifungue mara kwa mara uyatoe maji hayo.

Nne, alirekebisha tapeti za vali. Vali zisipofunga sawasawa, silinda haishiki pumzi.

Tano, kabla ya kutumia pesa nyingi, alipima nguvu ya mgandamizo ya kila silinda. "Kama silinda zimekufa," alieleza, "nozeli mpya ni kazi bure." Bahati nzuri silinda zote nne zilikaribiana. Injini ilikuwa nzee lakini haikuwa mgonjwa wa kufa.

Ndipo alipotoa nozeli na kutupeleka Kisumu kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nozeli nzuri hunyunyiza dizeli kama ukungu. Mbili kati ya zile nne zilikuwa zikidondosha matone, kama mfereji usiofungwa vizuri. Ncha zake zikabadilishwa. Pampu nayo ilipopimwa, iligunduliwa kwamba mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alikuwa ameifungua skurubu ya mafuta ili gari "liwe na nguvu". Ikarudishwa kwenye kipimo chake.

Gharama yote haikufika nusu ya bei ya injini ya mtumba, ambayo mjomba alikuwa ameshauriwa kuinunua. Kazi ilichukua siku tatu, mbili zikiwa za kungojea zamu kwa fundi wa pampu.

Je, gari la petroli?

Kwa wasomaji wenye magari ya petroli, moshi wenu mara nyingi hauonekani, lakini usidanganyike. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ndiyo inayowaua watu wanaowasha injini ndani ya gereji iliyofungwa.

Anza na plagi. Plagi nyeusi yenye masizi inasema mafuta yamezidi. Yenye mafuta mafuta inasema oili inapenya. Zikague pamoja na waya zake, maana silinda moja ikikosa kuwaka, petroli yote yake hutoka mbichi. Kwa gari la kabureta, hakikisha choki inafunguka injini ikipata joto, kisha fundi apange mchanganyiko wa hewa na petroli.

Ukaguzi mwingine usahaulikao ni wa thamostati, kile kifaa kidogo kinachozuia maji ya radieta kuzunguka hadi injini ipate joto. Mafundi wengi wa kwetu hukitoa na kukitupa, wakidhani wanaepusha gari kuchemka. Matokeo yake ni injini inayofanya kazi ikiwa baridi daima. Kompyuta ya gari hudhani bado ni asubuhi na kuendelea kuongeza petroli. Gari linakula mafuta, linalika ndani, na kipimo cha moshi kinapanda. Kikirudishwa, mara nyingi nusu ya tatizo hutoweka. Ikiwa gari huchemka, basi tibu radieta, feni au gasketi. Usiondoe kipimajoto ili usione homa.

Magari ya petroli yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 yana kifaa kwenye ekzosi kiitwacho katalisti, ambacho hugeuza gesi zenye sumu kuwa zisizodhuru sana. Ndani yake mna madini ya thamani kama platini, paladi na rodi, na ndiyo sababu wapo walaghai wanaokitoa na kukiuza huku mwenye gari akiambiwa kwamba "kilikuwa kimeziba". Usikubali kabla hujaonyeshwa. Na usinunue katalisti mpya kabla hujatibu injini, kwa maana injini inayoila oili au inayokosa kuwaka itakiua kile kipya pia. Angalia kwanza kihisio cha oksijeni kilicho kwenye ekzosi. Kikichoka, kompyuta hukosa habari na kumwaga petroli kwa kukisia.

Hila zisizofaa

Sasa turudi kwa yule kijana wa langoni. Kukaza skurubu ya pampu kwa siku moja kunaweza kumpitisha mtu, lakini gari hukosa nguvu ya kupanda mlima, na kesho yake likifunguliwa, moshi ni ule ule. Mwenye gari amelipa ada, amemlipa mjanja, na bado ana nozeli zinazodondosha.

Mafuta ya taa ni hatari zaidi. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayana ulaini huo, na pampu inayoyanywa hulika haraka. Wizi wa kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ulikuwa umeenea humu nchini hivi kwamba Septemba 2018 serikali iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa kila lita ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Itakuwa ajabu basi mtu ajichanganyie mwenyewe na kuiua pampu yake kwa mkono wake.

Kuhusu dawa za chupa zinazouzwa vituoni, zipo zinazosaidia kusafisha nozeli chafu kidogo. Lakini hakuna chupa inayoweza kuziba ringi zilizolika au kuponya gasketi.

Siku ya kurudi kwenye ukaguzi

Fundi alimpa mjomba mawaidha ya mwisho, nami nayaandika hapa ili yakufae.

Badilisha oili na filta siku chache kabla ya ukaguzi, na usafiri nalo kidogo kwanza. Oili iliyochoka huwa na mvuke wa mafuta, na mvuke huo huingia tena kwenye injini.

Kwa gari la dizeli, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ili kupima moshi, injini huzungushwa hadi mwisho mara kadhaa, na mkanda uliochakaa ukikatika wakati huo, injini huvunjika. Ni bora kuubadilisha mapema.

Peleka gari likiwa na moto. Kutoka Ahero hadi Kisumu ni takriban kilomita 25, ukipita Rabuor na Nyamasaria. Mwendo huo unatosha kuipasha injini joto, na kwenye barabara iliyo wazi dereva anaweza kukaa katika gia ya chini kidogo kwa dakika kadhaa, bila kuvunja sheria ya mwendo, ili ekzosi isukume nje masizi ya zamani. Katalisti ya gari la petroli nayo haifanyi kazi ikiwa baridi. Kwa hivyo usizime gari saa nzima kisha uliwashe tu mlangoni.

Usipeleke gari likiwa na mzigo, wala tangi likiwa karibu kukauka. Takataka hukaa chini ya tangi.

Hatimaye, ukianguka, omba kuelezwa kosa na uhifadhi karatasi. Mpe fundi karatasi hiyo, usimpe hadithi.

Ukuta mweupe

Mjomba alirudi kituoni wiki iliyofuata. Alipoambiwa akanyage mafuta, alifumba macho. Aliyafumbua aliposikia mkaguzi akisema, "Mzee, songa mbele, wengine wapite." Kulikuwa na ukungu wa kijivu uliotoweka mara moja, basi.

Tangu hapo amegundua jambo ambalo hakulitarajia. Pikapu inapanda daraja la Ahero ikiwa na mzigo bila kuguna, na dizeli aliyokuwa akiinunua kwa safari tatu za Kibuye sasa inakaribia kutosha nne. Ile nguvu aliyoiona kwenye moshi, kumbe ilikuwa ikitoka nje kupitia ekzosi.

Si kila gari litakuwa na bahati hiyo. Likipimwa mgandamizo na silinda zikapatikana zimekufa, keti na familia yako mpige hesabu: je, kuifungua injini yote kunafaa, au ni afadhali kuliuza kwa vipuri? Tukumbuke kwamba magari yanayoingizwa nchini hayatakiwi kuzidi miaka minane tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza, lakini yakishaingia huishi nasi kwa miaka ishirini, thelathini. Uzee wake unategemea sisi.

Mjomba pia ameacha kuipasha pikapu joto chini ya dirisha. Siku hizi huiwasha, hungoja dakika moja hivi, kisha huondoka polepole hadi injini ipate moto ikiwa safarini. Mjukuu wake ndiye anayefungua lango, kisha husimama nyuma akitazama ekzosi, kazi aliyojipa mwenyewe. Akiona jambo, humpigia babu yake kelele asimame.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mjomba aliwahi kuziba ufa. Ukuta aliupaka chokaa tu Krismasi iliyofuata, na nilipopita hapo wakati wa Pasaka, ulikuwa bado mweupe.